Fundi Nyuma ya Gunia

Mkono wa kushoto ndio uliomponza Yoakimu Bayo. Alikuwa amemaliza kula ugali wa mchana mlangoni mwa karakana yake, sokoni Babati, amenawa, anajifuta kwa pindo la shati, ndipo Mwenyekiti Eustace alipotokea na kumpa mkono. Siku zote Yoakimu alikuwa na dawa ya jambo hilo. Mikono yake ilijaa vumbi la chuma, na aliyekuja kumsalimu alipewa kiwiko au kifundo, kama mafundi wote wanavyofanya, hakuna aliyeona ajabu. Siku ile mikono ilikuwa safi, na Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha wake. Yoakimu akababaika, kisha akampa wa kushoto.

Eustace hakuupokea. "Ndugu Yoakimu," alisema, "unanisalimia au unafukuza nzi?"

"Nisamehe, Mwenyekiti. Huu wa kulia una jipu."

"Liko wapi?"

"Kwapani."

Eustace alikuwa mwenyekiti wa Ushirika wa Mafundi wa Sokoni. Hakuwa mganga, lakini aliushika ule mkono wa kulia, akaunyanyua hadi usawa wa bega, akauachia. Mkono ukaanguka pajani. Akaunyanyua tena, mara hii akiwageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga iliyo mlango wa pili, ili nao waone vizuri. Ukaanguka tena. Yoakimu alitazama chini. Mtu mzima, baba wa mtoto, anapimwa hadharani kama mbuzi wa mnadani, na hakuna hata mmoja aliyesema, Mwenyekiti, inatosha.

Ndani, nyuma ya pazia la gunia, msasa ulikuwa ukilia juu ya chuma. Ukanyamaza ghafla.

"Nani yuko huko?"

"Mama Romana. Ananifagilia."

"Anafagia kwa mashine?"

Foleni ikacheka. Eustace hakucheka. Alikitazama kile chumba toka kizingiti hadi paa, kwa jicho la mtu anayepima kitanda chake kitaingia vipi. Alikuwa na mpwa wake, Sylvesta, aliyerudi kutoka Moshi hana kazi wala dalili ya kuitafuta, na chumba hiki alikuwa amekitamani siku nyingi.

"Jumamosi tuna kikao," alisema. "Tutakifanyia hapa hapa. Utatunolea kisu mbele ya wanachama. Mwanachama ni mtu anayefanya kazi. Asiyefanya kazi siku hizi unajua anakopelekwa."

Yoakimu alijua, na kila mtu Babati alijua. Ulikuwa mwaka wa Nguvukazi. Ukisimama njiani asubuhi unaulizwa kazi yako ni ipi na kadi iko wapi, na asiyekuwa na jibu alipandishwa lori akalime mkonge asikokujua.

*

Nyuma ya gunia kulikuwa na Kandida, mke wake, ndiye huyo Mama Romana, kanga imezungushwa puani, kope nyeupe kwa vumbi. Visu vyote vilivyotoka kwenye chumba kile tangu Pasaka vilikuwa vimenolewa naye. Siku ya Jumatatu ya Pasaka Yoakimu aliamka upande wa kulia umemkataa. Mguu ukarudi baada ya wiki chache, mkono haukurudi. Mganga wa hospitali alimwambia kinaga ubaga kwamba atampa barua ya ugonjwa, na mgonjwa hapandishwi lori na mtu yeyote. Yoakimu akakataa barua. Kwao walikuwa wahunzi tangu babu wa babu, na mhunzi mwenye barua ya ugonjwa, kwa akili yake, ni sawa na aliyekwisha kuzikwa.

Na kwao huko kulikuwa na jambo jingine, kwamba mwanamke haingii kwenye kazi ya chuma. Akishika kisu kabla hakijatoka karakana, eti makali hayakai. Wateja nao waliamini hivyo, au walikuwa hawajawahi kuulizwa kama wanaamini. Basi Yoakimu akatundika gunia. Yeye alikaa mlangoni kwenye kigoda, akijipaka vumbi la chuma mikononi kila asubuhi, akipokea sifa. Kisu kilichokwisha kunolewa alikiweka juu ya gogo, mteja akiokote mwenyewe, maana asingeweza kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Watu wakadhani ni mwiko wa wahunzi, wakauheshimu.

Kazi yenyewe Kandida aliiweza kwa sababu ya kitu kimoja ambacho Yoakimu alikiunda zamani akiwa mzima, wakakiita kiti. Msasa wenyewe ulikuwa mkanda wa turubai uliopakwa gundi na mchanga mkali, ukizunguka wima kwenye puli mbili, ukivutwa na injini ya mashine ya kusaga ya Alawi kupitia tundu ukutani. Kiti kilikuwa bamba dogo la chuma mbele ya msasa huo. Ukilegeza bolti yake, bamba linainama au linainuka, linasogea mbele au linarudi nyuma. Ukiikaza, linatulia hapo hapo. Kisu unakilaza juu ya bamba na kukivuta taratibu toka shinani hadi nchani, na mlalo wa makali unaamuliwa na kiti. Mhunzi wa zamani alihitaji miaka mkono wake ujifunze mlalo huo. Kandida alihitaji spana, jicho, na moyo wa kuvumilia vumbi.

Tena alijua lile ambalo kwalo wengi wamepoteza vidole. Nafasi kati ya kiti na msasa isizidi unene wa ukucha. Ikizidi, msasa unakimeza kisu kwenda chini, na mkono unafuata. Na kiti hakiguswi msasa ukiwa unazunguka. Kwa hiyo kila alipobadili aina ya kisu alichukua mti, akausukuma mkanda wa injini utoke pulini, akangoja msasa usimame, akashika bamba kwa mkono mmoja na spana kwa mkono wa pili. Kisu cha kuchunia ngozi kilitaka mlalo mrefu na makali membamba. Cha kukatia mifupa kilitaka makali manene. Cha jikoni kilikuwa katikati.

Tadeo, muuza nyama, alikuwa akija kila wiki. "Mkono wa Yoakimu hauzeeki," alisema mwezi mmoja kabla, akimpa Yoakimu kipande cha nyama kilichofungwa kwenye gazeti. Kandida alikuwa ametoka kumwaga maji. Alipoinama kukichukua kisu cha Tadeo kilichoanguka toka kwenye gogo, Tadeo akapiga kelele. "Mama Romana, taratibu! Usinishikie hicho, utakiharibu makali." Kandida alikirudisha chini. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekinoa mpaka mgongo ukamuuma.

*

"Utanifungia kiti kwenye mlalo wa ngozi," Yoakimu alimwambia nyumbani kwao Nangara, asubuhi ya Jumamosi, akinywa chai isiyo na sukari. "Ukikaze hasa. Mimi nitalaza kisu na kuvuta kwa huu mmoja. Kiti kitanishikia."

"Naweza," alisema Kandida.

"Basi tumepona."

"Na wakishaona umeweza, uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba visu nanoa mimi."

Yoakimu aliweka kikombe chini. "Mama Romana, unataka nichekwe na soko zima?"

"Juzi ulichekwa. Uliponyanyuliwa mkono walikutazama, na uliposema nafagia wakacheka. Mimi nilikuwa ndani nasikia, nimeshika kisu cha watu."

"Ungetaka niseme nini pale?"

"Hilo hilo."

"Watarudisha visu vyote. Tadeo atakuwa wa kwanza. Tutakula nini?"

Kandida alijua kwamba huenda ikawa kweli. Alikohoa, akatema vumbi la jana, akafunga kanga. Hasira ilikuwa imemkaa toka siku ile na hakujua pa kuipeleka. Mume wake hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakunywa, na usiku alimkanda mabega kwa mkono wake mmoja akimshukuru kwa sauti ya chini. Lakini shukrani hiyo ilikuwa ya chumbani tu. Mlangoni kwa watu alikuwa mfagiaji.

Walipofika karakana alikifunga kiti kwenye mlalo wa ngozi, akakikaza hadi spana ikalia.

*

Wanachama walikuja, na foleni ya Alawi ikasogea karibu kutazama. Tadeo alikuwepo, na Sylvesta alikuwepo amevaa suruali pana miguuni, mikono mfukoni. Gunia lilikuwa limeshushwa. Eustace aliamuru lipandishwe, na Kandida akabaki amesimama kwenye kona, na ufagio, maana Yoakimu alikuwa amemwomba aushike.

Yoakimu alichukua bapa la kisu cha kuchunia ngozi, akalilaza juu ya kiti, akalivuta. Cheche zikaruka. Akalichovya kwenye ndoo ya maji, akalivuta tena, akageuza upande wa pili. Ilikuwa polepole, lakini mlalo ulitoka umenyooka, na wanachama wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali. Jasho lilimtiririka. Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza toka siku ya jipu.

"Vizuri," alisema Eustace. "Sasa noa hiki."

Akamnyooshea kisu cha Tadeo cha kukatia mifupa, kizito, kimechakaa makali.

Yoakimu alikitazama kiti, akakitazama kisu. Akakilaza hivyo hivyo.

"Aa, Baba Romana!" Tadeo akaruka. "Kwa mlalo huo wa ngozi? Kitang'oka meno kwenye mfupa wa kwanza. Rekebisha kwanza."

"Rekebisha," alisema Eustace, kwa upole mkubwa.

Yoakimu alishika spana kwa kushoto. Alilegeza bolti. Bamba likaning'inia, likahitaji mkono wa pili wa kulishikilia, na mkono wa pili haukuwepo. Alijaribu kulibana kwa goti. Likateleza. Alijaribu kwa kidevu, ameinama mbele ya msasa unaozunguka, uso wake karibu na mkanda kiasi cha kuunguza nyusi. Sylvesta alicheka peke yake. Mwishowe Yoakimu alilibana bamba kwa kifua, akakaza bolti hivyo hivyo kombokombo, akainuka na kuchukua kisu. Kati ya kiti na msasa pengo lilikuwa wazi, kidole kizima kingepita.

Alikuwa anakilaza kisu Kandida alipoutupa ufagio. Alichukua mti, akausukuma mkanda wa injini toka pulini, na msasa ukafa. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimpokonya mume wake spana, akalegeza, akainamisha bamba, akapima pengo kwa ukucha wa kidole gumba, akakaza. Akalisukuma bamba kwa kiganja kuhakikisha. Kisha akarudisha mkanda pulini, na ilikuwa imemchukua muda mfupi kuliko mtu kuvua viatu.

Soko zima lilikuwa limeona. Eustace naye alikuwa ameona, na hakuwa mjinga.

"Ndugu Yoakimu," alisema. "Mbele ya wanachama. Nani ananoa visu humu ndani?"

Kandida alimtazama mume wake. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi pumzi zake. Alisubiri. Sijui kama kuna subira ndefu kama ile, ya mtu anayesubiri mwenzake aseme neno moja la kweli analolijua.

"Mimi," alisema Yoakimu. "Huyu ananifungia bolti tu."

Akachukua kisu cha Tadeo, akakinoa. Kiti kilikuwa sawa, kikatoka vizuri.

Eustace alikunja midomo. "Haya. Tumeona unanoa. Lakini kanuni za ushirika zinasema asiyekuwa mwanachama haingii karakana. Mama huyu si mwanachama. Kuanzia leo asionekane humu, hata kwa bolti. Wachinjaji wa mnada wana visu vyao hapa, vya ngozi na vya mifupa. Vitoke kabla ya siku ya mnada. Visipotoka, chumba kinakwenda kwa mtu mwenye mikono. Umekubali?"

"Nimekubali," alisema Yoakimu.

Hakumwangalia mke wake alipolisema hilo. Kanuni hiyo haikuwahi kutumika kwa mtu yeyote. Mke wa fundi baiskeli alikuwa akiziba mipira ya baiskeli chumba cha pili toka kile, mikono imejaa solusheni, na Mwenyekiti alimpitia kila siku akimsalimu.

*

Kandida alirudi Nangara akapalilia mahindi yake. Dizeli ya Alawi iliisha, kibali cha nyingine kikachelewa, injini ikalala siku kadhaa, na Yoakimu akapata kisingizio cha kuketi. Ilipowashwa tena alikwenda mapema, akarudi mchana na kisu kimoja kilichokatwa ncha na kidole cha kushoto kimefungwa kitambaa chenye damu. Alikuwa amefunga kiti kwa kamba na mawe.

"Njoo kesho alfajiri kabla ya watu," alisema. "Nitakufungulia."

"Mwenyekiti alisema nisionekane. Ukasema umekubali."

"Ningefanyaje?"

Kandida aliendelea kupepeta mahindi. "Lete hicho kidole nikioshe," alisema. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga vizuri, kwa mikono ile ile. Yoakimu alidhani hasira imekwisha.

"Utakuja, eh, Mama Romana?"

"Sitakuja."

"Chumba kitachukuliwa! Umeelewa? Sylvesta ataingia pale. Mashine niliyoiunda mimi, kiti changu."

"Nimeelewa."

"Kwa hiyo unaniangusha."

Hapo Kandida alisimama, ungo ukadondoka, mahindi yakatawanyika kwa kuku. "Mimi nakuangusha? Toka Pasaka natema vumbi jeusi. Toka Pasaka natoka mlango wa nyuma kama mwizi. Mwanao ameulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, akasema hana kazi, kwa sababu tumemfundisha hivyo mimi na wewe. Na juzi nimekuokoa uso usichanwe, ukageuka ukasema nafunga bolti. Baba Romana, wewe mgonjwa hupandishwi lori, mganga alishakuambia. Hakuna kinachokuzuia kusema ila sifa tu. Visu vya watu vinaoza kwa ajili ya sifa zako."

Yoakimu alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Alikuwa na machozi na hakutaka mkewe ayaone.

*

Siku moja kabla ya mnada foleni ya Alawi ilifika mpaka barabarani. Wanawake wa Nangara, Singe na Nakwa walikuwa wamekaa juu ya madebe yao, kwa sababu hakuna aliyejua dizeli itaisha lini. Kandida alikuwa katikati yao na debe lake la mahindi, jirani yake Mektilda mbele yake.

Karakana ya mlango wa pili ilikuwa wazi. Msasa ulizunguka mtupu. Yoakimu alikuwa ndani, amesimama mbele ya kiti kilicholegea, na juu ya gogo visu vya wachinjaji vilikuwa vimelala bila makali. Tadeo alikuwa ameshamaliza maneno yake yote na sasa anatukana chini chini. Eustace alikuja na Sylvesta. Sylvesta alikuwa ameshika kufuli jipya, na mwaka ule kufuli jipya halikupatikana bila kujuana na mtu.

"Jua limefika hapo," alisema Eustace. "Toa vitu vyako, ndugu."

Yoakimu alitoka mlangoni. Alitembea pembeni mwa foleni hadi alipokaa mke wake, watu wakimtazama.

"Mama Romana," alisema, "twende."

"Nimekuja kusaga tu, Baba Romana. Fundi si wewe?"

Mektilda aligeuka. Wengine nao wakageuka. Injini ya Alawi ilikuwa ikinguruma, mtu ilibidi apaaze sauti ili asikike, na Yoakimu alisema kitu. Midomo yake ilionekana ikisema. Sauti haikufika hata kwa Mektilda.

"Sijasikia," alisema Kandida.

"Nimesema ni wewe."

"Wewe umeniambia mimi, na mimi najua. Waambie wao."

"Kandida, hawasikii, injini…"

Kandida alisimama juu ya debe lake. "Baba Zena!" alimwita Alawi. "Zima injini kidogo!"

"Nizime?" Alawi alitokeza kichwa, unga mpaka kwenye nyusi. "Nikiizima kuiwasha ni dizeli nyingine, dada. Foleni yote hii?"

"Zima tu, Baba Zena," alisema Mektilda. "Sisi tutangoja."

Katika foleni hakuna aliyepinga. Alawi akaguna, akaingia ndani. Injini ikakohoa, ikapunguza, ikakata. Kule karakana msasa ukazunguka kwa mazoea kidogo, kisha ukasimama. Soko likawa kimya kiasi kwamba mtoto wa mtu aliyekuwa akilia nyuma alionekana kulia kwa nguvu zaidi.

Yoakimu alitazama kwanza miguu yake. Kisha akamtazama Eustace, na kufuli la Sylvesta, na Tadeo.

"Visu vyote mlivyochukua kwangu tangu Pasaka," alisema, "amevinoa mke wangu Kandida. Vyote. Mkono huu umekufa. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nasifiwa."

Tadeo alishika kisu kilichokuwa kiunoni mwake. "Na hiki?"

"Na hicho."

"Na cha Yubile ya Padre? Kile nilichochinjia ng'ombe?"

"Kile alikinoa akiwa na homa."

Tadeo alipitisha kidole gumba kwenye makali ya kile cha kiunoni. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akitafuta siku ambayo makali yalimkataa, na hakuwa akiipata.

Eustace akadakia. "Kwa hiyo umeudanganya ushirika. Mbele ya kikao." Alimsogelea Yoakimu, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati lake, akaichomoa kadi. Yoakimu hakujitetea. "Wewe huna kazi. Na huyu mwanamke ushirika haumjui. Sylvesta, funga."

"Funga uone!" Tadeo alimzuia Sylvesta kwa tumbo. Hakuwa na huruma yoyote usoni, na nisimpambe kwa asichokuwa nacho. "Kesho mnada. Ng'ombe wanafika usiku huu. Mtachuna ngozi kwa kufuli? Mwenyekiti, huyu mpwa wako anajua kunoa?"

Sylvesta alitazama kando.

"Kikao kitaamua," alisema Eustace.

"Kikaamue. Mimi nataka visu leo."

Eustace alisimama hapo na kadi ya mtu mkononi. Mbele yake kulikuwa na foleni nzima ya wanawake wasiokuwa na kadi, waliotoka shambani, wanaokwenda kupika, kisha kuteka maji, kisha kurudi shambani, na kwa hesabu ya mwaka ule wote walikuwa hawana kazi. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu. Akaitia kadi mfukoni mwake, akasema atarudi Jumatatu na watu wa kuandika wasio na kazi, akaondoka. Na kweli alirudi Jumatatu, maana watu wa aina yake hurudi.

Yoakimu alikuwa angali amesimama pale. Alisubiri labda mke wake amwambie kitu, asante, au pole, au hata tusi. Kandida alimwachia Mektilda debe amshikie nafasi. Alipita mbele ya mume wake, akapita mbele ya Tadeo, akaingia kwa mlango wa mbele. Alilishika lile gunia, akalivuta likang'oka na misumari yake, akalitandika chini asimamie, maana sakafu ilikuwa na maji.

Akakata kamba na kuondoa mawe. Akainamisha kiti kwenye mlalo wa ngozi, akapima pengo kwa ukucha, akakaza, akalisukuma bamba kwa kiganja. Akachukua kisu cha kwanza toka kwenye gogo. Mlango ulikuwa wazi na soko lote lilikuwa likimwona.

"Baba Zena," alisema, bila kupaaza sauti, kwa kuwa hakukuwa na haja. "Washa."